Bandeji ya Mguu wa Limfu: Jinsi ya Kuifunga Nyumbani Goma

Ukiingia farmasi ya mtaa wa Birere ukaomba bande ya mguu uliovimba, mara nyingi utapewa ile ya rangi ya ngozi inayovutika kama mpira wa manati. Kwa goti la mchezaji aliyeteguka haina ubaya. Kwa mguu uliovimba kwa limfu, yaani maji ya mwilini yaliyokwama kwa sababu mishipa inayoyarudisha kwenye damu imeharibika, ndiyo inayoharibu kazi, na mtu akilala nayo inaweza kumwachia kidonda. Kwa hiyo tuanze na kitambaa chenyewe kabla ya kufundisha kuzungusha.

Shika bandeji ikiwa imelegea, weka vidole gumba viwili umbali wa sm 10, kisha vuta mpaka ikatae. Ikikoma kwenye sm 16 au 18, ni ya mvuto mfupi, na hiyo ndiyo unayoitaka. Ikipita sm 20, yaani zaidi ya mara mbili ya urefu wake, ni ya mvuto mrefu: irudishe hapo hapo kaunta. Mwuzaji asipoelewa Kiswahili chako mwambie kwa Kifaransa, "bande à allongement court". Ile nyeupe ya pamba yenye mikunjomikunjo, wanayoiita Velpeau, inashika mwanzoni lakini inalegea baada ya saa chache. Kama ndiyo iliyopo tu, itabidi tabaka ziongezwe na ifungwe upya mara nyingi zaidi, na mhudumu anayeijua kazi hiyo ndiye aonyeshe.

Tofauti ya bandeji hizi iko kwenye msuli. Damu ina moyo wa kuisukuma, limfu haina. Inapanda kwa nguvu ndogo ya mishipa yake yenyewe, kwa pumzi, na zaidi kwa misuli ya mguu inayojibana na kulegea. Unapotembea, shavu la mguu linanenepa kila hatua. Likikuta ukuta usiosogea, nguvu ile inarudi ndani na kukamua maji kwenda juu. Ukikaa, ukuta uko palepale lakini haubani sana. Bandeji ya mpira inafanya kinyume chake: msuli ukinenepa nayo inatanuka, nguvu inapotea, ukilala inaendelea kukaba, wakati ambapo mguu haukuhitaji kukabwa. Ndiyo maana wanaofunga miguu hii kila siku hawaulizi bandeji imekazwa kiasi gani. Wanauliza imepangwa vipi, na mgonjwa ametembea muda gani.

Mguu upi ufungwe, upi usiguswe

Uvimbe wa limfu huanza polepole, mara nyingi mguu mmoja unatangulia. Hatua za mwanzo, ukibonyeza kwa kidole gumba sekunde 10 linabaki shimo. Baadaye nyama inakuwa ngumu na shimo halionekani tena. Jaribu kufinya ngozi ya juu kwenye shina la kidole cha pili cha mguu, kile kilicho jirani na kidole gumba. Ngozi ikikataa kufinyika na kuinuka, dalili ya limfu ina nguvu. Ikifinyika, usihitimishe kuwa si limfu: mwanzoni inaweza kufinyika.

Chanzo kinaweza kuwa upasuaji au mionzi ya saratani kwenye kinena, maambukizi ya ngozi yaliyorudiarudia, au matende yanayoletwa na minyoo ya filaria. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye miinuko kama hii mbu hueneza filaria kwa nadra, lakini mji umejaa watu waliokulia mabonde ya chini. Upo pia ugonjwa wa podokoniosi, unaojulikana Rwanda, Uganda, Kamerun na Ethiopia: mtu analima miaka mingi bila viatu kwenye udongo mwekundu uliotokana na volkano, chembe zinapita ngozini na kuharibu mishipa ya limfu. Huo huanzia kwenye wayo na kupanda, na kwa kawaida hauvuki goti. Wengine watasema mguu umetegwa. Wasikupotezee miaka, mguu wa limfu ukikaa bila kushughulikiwa unaota nyama ngumu ambayo bandeji hupata shida kuirudisha.

Vidonge vya kukojoa haviondoi uvimbe huu. Vinatoa maji na kuacha protini ndani ya nyama, na protini hizo ndizo zinazoendelea kuvuta maji na kufanya mguu uwe mgumu. Lakini kama daktari amekuandikia kwa ajili ya moyo au presha, usiviache kwa sababu ya maneno haya.

Sasa makatazo, na hapa hakuna kubembelezana. Usifunge mguu uliovimba ghafla, siku moja au mbili, wenye maumivu kwenye shavu: huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa, nenda hospitali leo. Usifunge mtu anayehema akilala chali au ambaye miguu yote miwili imevimba pamoja na tumbo. Maji ukiyasukuma kutoka mguuni yanaenda kwenye moyo ulioshindwa. Usifunge mguu wenye homa, joto na wekundu. Na usifunge mguu ambao damu haiufikii vizuri.

Hilo la mwisho halionekani kwa macho, na mguu ukivimba hata mapigo ya kwenye wayo hayashikiki kwa kidole. Omba kipimo cha kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, kwa mashine ya Dopla. Namba ya juu ya presha ya kifundo cha mguu inagawanywa kwa ile ya mkono: mguu 108, mkono 120, jibu ni 0.9. Jibu la 0.8 na kuendelea linaruhusu bandeji ya kawaida. Kati ya 0.5 na 0.8 ni bandeji nyepesi tu, chini ya macho ya mtaalamu. Chini ya 0.5 hakuna kufunga. Jibu likipita 1.3, hasa kwa mwenye kisukari, lisikufurahishe: mishipa imekuwa migumu na kipimo kinadanganya. Mwenye kisukari ana shida ya pili: wayo wake unaweza kuwa umekufa ganzi, akabanwa bila kujua. Yeye asifungiwe nyumbani kabla mhudumu hajampima hisia za wayo.

Mara ya kwanza ifungwe na mtu aliyefunzwa, mara nyingi mtaalamu wa kine (tiba ya viungo), huku anayebaki nyumbani akiangalia na kurudia mbele yake. Maelezo yafuatayo ni ya huyo anayebaki nyumbani.

Vitu vya mguu mmoja, chini ya goti

Bandeji moja ya mvuto mfupi ya upana wa sm 8, mbili za sm 10, kila moja mita 5. Bandeji laini ya chachi ya sm 4 kwa vidole. Soksi ndefu ya pamba isiyo na kisigino, au bomba la kitambaa cha pamba. Mikunjo miwili ya pamba ya kutandika, ile wanayoiweka chini ya plasta ya mfupa, upana sm 10. Sponji. Sparadra (utepe wa kubandika). Nunua seti mbili za bandeji ukiweza, moja ikauke nyingine ikiwa mguuni. Mguu ukivimba mpaka pajani, ongeza bandeji 3 au 4 za sm 12, lakini hilo mwachie mtaalamu; paja linateleza na linahitaji mkono mzoefu.

Vibadala vipo. Bomba la pamba unaweza kulipata kwenye chaguwa (mitumba): mkono wa fulana ndefu ya pamba, laini, bila mshono mnene. Sponji unaikata kwenye musi ya matela (sponji ya godoro), ile ngumu isiyobonyea upesi, unene wa sm 1. Kingo zake zichongwe kwa mkasi ziwe mshazari kama ukingo wa sahani. Ukiacha kingo wima, jioni utakuta alama yake imechorwa kwenye ngozi.

Vishikizo vidogo vya chuma vinavyokuja na bandeji, vitupe. Vinachana ngozi, na mguu wa limfu uliochanika ni mlango wa vijidudu.

Kupima kabla ya kufunga

Tumia utepe wa fundi cherehani, asubuhi. Mgonjwa asimame ukutani. Weka alama kwa kalamu kwenye ngozi kwa sm 10, 20 na 30 kutoka sakafuni, kisha zungusha utepe kila alama bila kukaza. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Anayependa hesabu anaweza kupata ujazo: kipande cha sm 10 chenye mzingo wa 30 chini na 34 juu, unachukua 30 mara 30, 30 mara 34, 34 mara 34, unajumlisha (900 + 1,020 + 1,156 = 3,076), unazidisha kwa 10, unagawanya kwa 37.7. Jibu ni ml 816. Wiki ijayo likiwa 740, umetoa ml 76 za maji kwenye kipande hicho peke yake. Macho yanakosea, hasa macho ya mtu anayeuona mguu uleule kila siku, daftari halikosei.

Kufunga

Osha mguu kwa sabuni ya kawaida na maji yasiyo moto. Kausha kwa kugusisha kitambaa, si kusugua, na uingie kati ya kila vidole viwili. Huko ndiko fangasi hukaa. Ukiona utando mweupe au mpasuko, paka dawa ya fangasi na usubiri ikauke. Sehemu nyingine paka glicerini au vaseline nyepesi, subiri dakika 15. Mafuta yasiyonywewa yanafanya bandeji iteleze kama mtu aliyevaa kandambili kwenye tope la Bukavu.

Mgonjwa akae kitandani, mguu kwenye kigoda, goti likunjike kidogo, wayo usimame wima kama anakanyaga ukuta. Hiyo pembe ya 90 ibaki mpaka mwisho. Ukifunga wayo ukiwa umelala mbele, siku nzima bandeji itajikunja juu ya kifundo na kukata.

Vaa bomba la pamba kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, liache ziada ya sm 10 kila upande ya kukunjia baadaye.

Vidole vinachukua muda na watu wengi huviruka. Anza na chachi ya sm 4, mzunguko mmoja kwenye mgongo wa mguu bila kuvuta, ili ishike. Pita juu hadi kidole gumba, zungusha mara 2 au 3 kuanzia kwenye shina la kucha ukirudi nyuma, rudi kwa juu, zungusha mguu mara moja, nenda kidole cha pili. Njia ya kwenda na kurudi iwe juu ya mguu daima. Ikipita chini ya wayo mgonjwa atakanyaga kamba siku nzima. Ncha za vidole zibaki wazi ili uone rangi. Kidole cha mwisho kisipovimba kinaweza kuachwa. Chachi isijisokote kati ya vidole. Ikijisokota, fungua urudie.

Halafu umbo, ambalo ndilo linaloamua kila kitu. Bandeji ileile, kwa mvuto uleule, inabana zaidi palipo pembamba kuliko palipo panene. Kifundo chenye mzingo wa sm 24 kinabanwa kama mara moja na theluthi mbili kuliko shavu la sm 40. Hiyo ni zawadi: mbano unapungua wenyewe unavyopanda, na maji yanasukumwa kutoka chini kwenda juu bila wewe kukaza zaidi kifundoni. Lakini sheria hiyohiyo inageuka adui kwenye mfupa wa ugoko na kwenye kano ya kisigino, mahali penye ukingo mkali ambapo mbano unarundikana. Na nyuma ya macho ya mguu (vifupa vinavyotokeza kando ya kifundo), penye shimo, bandeji inapita hewani na haibani kabisa. Maji yanakimbilia humo. Ndiyo maana unakuta mguu umepungua kote lakini kuna mifuko miwili kando ya kisigino.

Basi jaza mashimo na ufunike kingo. Kata sponji mbili zenye umbo la haragwe, zizunguke nyuma na chini ya jicho la mguu kila upande. Kipande kirefu kiende juu ya kano ya kisigino. Kingine chembamba juu ya ugoko, urefu wote. Kisha zungusha pamba ya kutandika kutoka vidoleni hadi chini ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, na mara mbili kwenye kifundo. Ukimaliza, rudi nyuma hatua moja utazame. Mguu uwe kama bomba au ndoo iliyogeuzwa, laini na sawa. Bado unaona kiuno kwenye kifundo na tumbo kwenye shavu? Ongeza pamba. Nusu saa ya kutandika vizuri inaokoa ngozi ya wiki.

Chukua bandeji ya sm 8. Shika mkunjo ukiwa juu, karibu na ngozi, na uubingirishe juu ya mguu. Usiuvute mbali kisha ukauzungusha, maana hapo mvuto unabadilika kila mara. Mzunguko wa kwanza kwenye shina la vidole hauna mvuto, ni wa kushika tu. Kuanzia wa pili, mvuto wa wastani, uleule hadi mwisho. Mizunguko 3 kwenye mgongo wa mguu, kila mmoja ukifunika nusu ya mwenzake. Kisha kifundo: pita juu ya mgongo wa mguu, zunguka nyuma juu ya kisigino, rudi mbele, shuka chini ya wayo, umbo la nane. Rudia ukisogeza hadi kisigino chote kifunikwe, chini na nyuma. Kisigino kikibaki na dirisha, kitatoka dirishani: uvimbe mgumu kama yai. Maliza bandeji hiyo ukipanda.

Bandeji ya pili, ya sm 10, inaanza kifundoni na inazunguka upande wa kinyume na ya kwanza, ikipanda kwa mizunguko ya kawaida, nusu juu ya nusu. Kinyume kinazifanya zishikane zisizunguke mguuni. Ya tatu inaanza tena kifundoni na kupanda kwa umbo la nane kwenye shavu, mshazari juu, mshazari chini. Huo mpangilio wa mifupa ya samaki hautelezi kwa urahisi. Malizia upana wa vidole viwili chini ya mkunjo wa goti. Upande wa nje wa goti, chini kidogo, kuna kijifupa kinachoshikika, na hapo mshipa wa fahamu unapita karibu sana na ngozi. Ukikabwa, mtu anashindwa kuinua wayo. Weka sponji hapo kama bandeji inafika, na usikaze.

Ikibaki bandeji mkononi, usiizungushe mahali pamoja ili iishe. Tabaka likiongezeka mbano unaongezeka, kwa hiyo unaweka mkaba juu kabisa na kuziba njia ya kila kitu cha chini. Kata, au ishushe kwa mizunguko iliyotawanyika. Bandika sparadra kwenye bandeji, si kwenye ngozi. Kunja ziada ya bomba la pamba juu ya kingo zote mbili.

Saa ya kwanza

Bandeji nzuri inasikika, haiumi. Baada ya dakika 20 mgonjwa atembee kidogo, kisha umuulize kwa maneno kamili: "Mama, vidole vinachomachoma? Kuna mahali panapouma kama jiwe ndani ya kiatu? Wayo unahisi mkono wangu?" Ukimuuliza "uko salama?" atasema ndiyo kukuridhisha. Na wewe usimwambie "vumilia, Mama". Kwenye kazi hii hakuna cha kuvumilia.

Kwenye ngozi nyeusi rangi ya hatari haionekani juu ya mguu. Angalia kucha na ncha za vidole upande wa chini. Bonyeza ukucha uwe mweupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2 au 3. Ikichelewa, au vidole vikiwa vya baridi, vya bluu, vimekufa ganzi, au vikiuma hata ukitikisa, fungua yote. Usifungue tabaka moja tu na kusubiri kuona.

Siku inaendelea

Katika majuma ya mwanzo bandeji inakaa mchana na usiku, inafunguliwa mara moja kwa siku ili mguu uoshwe, ukaguliwe na ufungwe tena. Mguu unapungua haraka siku za kwanza, na bandeji ya jana inakuwa kubwa leo. Bandeji iliyolegea ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inateremka na kujisokota kuwa kamba kwenye kifundo. Ikiteremka saa saba mchana, ifungue saa saba mchana, usingoje jioni. Hatua hii huchukua wiki 2 hadi 4, mpaka daftari lionyeshe namba zimeacha kushuka.

Kutembea ndiyo dawa yenyewe, bandeji ni ukuta tu. Anayeuza sokoni akiwa amekaa kutwa ainue na kushusha wayo mara 20 kila saa, kisigino chini vidole juu, halafu vidole chini kisigino juu, na avute pumzi ndefu za tumbo mara 5. Usiku weka tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda, upande wa miguu; mto chini ya kisigino unakunja goti vibaya na unaanguka.

Viatu vya zamani havitaingia. Kandambili kwenye mawe ya volkano ya Goma ni kutafuta jeraha: mawe yale yana makali ya chupa iliyovunjika, na mguu wenye bandeji hauhisi ardhi vizuri. Mpelekee fundi wa viatu sandali yenye soli nene na kisigino kilichofungwa, aikate juu na kuweka mikanda miwili mirefu ya kubandika na kubandua. Apime mguu ukiwa umefungwa. Kwenye moto (pikipiki), angalia ekzosi kabla ya kupanda. Bandeji inachelewesha joto, na mpaka abiria aseme anaungua ngozi imeshababuka. Mvua ikinyesha, mfuko wa plastiki juu ya bandeji unasaidia njiani, lakini uvuliwe ukifika. Bandeji iliyolowa ifunguliwe, hata kama imefungwa saa moja iliyopita.

Makosa mengine yanajitaja yenyewe. Vidole vimevimba: hukuvifunga, au mbano wa shavu umezidi wa mguu. Goti limevimba juu ya bandeji: maji yamepanda yakakosa njia, inabidi kufunga hadi pajani, nenda kwa mtaalamu. Mikunjo imechorwa kwenye ngozi: pamba ilikuwa chache. Kuwashwa kote: sabuni haikusuuzwa.

Na hapo kwenye kusuuza, watu wanaopanga bidoni za maji hupunguza. Bandeji inahitaji maji matatu. Ifue kwa sabuni ya kipande, isuuze mpaka maji yawe meupe, ikamue kwa kuibana ndani ya taulo bila kuisokota, itandaze kivulini, mbali na vumbi jeusi la barabarani. Usiianike ikining'inia, uzito wa maji unaivuta. Javeli (dawa ya kung'arisha nguo) inakula nyuzi. Kufua pia kunairudishia mvuto wake, kwa hiyo bandeji isiyofuliwa ni chafu na imechoka. Siku jaribio la sm 10 likipita 20, imekuwa ya kufungia mizigo.

Mguu ukiwaka

Homa, kutetemeka, mguu moto na mwekundu au mweusi zaidi ya kawaida, mitoki kinenani: hilo ni shambulio la bakteria na linaweza kumkuta mtu aliyeamka asubuhi bila shida yoyote. Fungua bandeji zote. Lala, inua mguu, weka kitambaa cha maji baridi ya kawaida, kunywa maji mengi na parasetamoli, na ufike kituo cha afya siku hiyohiyo kwa antibiotiki. Usichanje, usikande kwa maji ya moto, usipake majani, usifanye mazoezi ya mguu. Bandeji irudi pale tu homa imekwisha na mguu unaguswa bila maumivu. Kila shambulio linaharibu mishipa mingine ya limfu, kwa hiyo tafuta mlango lililopitia. Mara nyingi utaukuta kati ya vidole.

Baada ya bandeji: soksi

Namba zikitulia, mguu unahitaji soksi ya kubana kila siku, la sivyo unarudi ulikotoka. Hapa wanunuzi wa Goma wanaanguka kwenye shimo moja: daraja la soksi halina maana moja duniani. Boksi la Ufaransa likiandikwa daraja la 2 linabana mmHg 15 hadi 20 (mmHg ni kipimo cha mbano). La Ujerumani daraja la 2 ni 23 hadi 32. La Uingereza daraja la 2 ni 18 hadi 24. Mtu aliyeandikiwa daraja la 2 la Kijerumani akinunua la Kifaransa anatembea na soksi ambayo kwa mguu wa limfu haifanyi kazi, kisha anasema soksi hazimfai. Daraja la 3 la Ufaransa, zaidi ya 20 hadi 36, ndilo linalolikaribia. Soma mmHg, siyo namba ya daraja. Boksi lisiloandika mmHg liache mezani.

Angalia pia ufumaji. Soksi isiyo na mshono nyuma imefumwa mviringo, ni laini, inafaa mishipa ya vena. Yenye mshono imefumwa bapa, ni ngumu, haiingii kwenye mikunjo ya ngozi, na hutengenezwa kwa vipimo vya mtu. Mguu wa limfu wenye umbo lisilo sawa unahitaji ya pili. Vipimo vichukuliwe mara tu bandeji inapofunguliwa, kabla mgonjwa hajasimama: mgongo wa mguu, sehemu nyembamba juu ya macho ya mguu, shavu kwenye unene wake, na vidole viwili chini ya goti, pamoja na urefu kutoka sakafuni hadi kila mahali. Ukipima jioni umenunulia uvimbe soksi.

Kuivaa, tumia glavu za kuoshea vyombo. Geuza soksi ndani nje hadi kisigino, ingiza wayo, kaza kisigino mahali pake, kisha upandishe kwa viganja kidogokidogo, ukisambaza mikunjo. Usiivute kutoka juu. Mpira wa juu unakatika na unaacha pete. Ikizidi urefu usiikunje juu, maana mkunjo ni mbano mara mbili mahali pamoja. Ivae kabla ya kushuka kitandani, ivue unapolala isipokuwa umeambiwa vingine. Nunua mbili, zifue kwa kubadilishana. Baada ya miezi 6 ya kuvaliwa kila siku zimechoka hata kama hazijatoboka. Utajua siku inapopanda mguuni bila ubishi, na daftari litasema hivyo hivyo wiki ileile.